Nehemia Hakuwakemea Waimbaji

Katika vikao vya wazee wa usharika kuna ajenda isiyokwisha. Kwaya haina nidhamu. Mwalimu wa kwaya siku hizi haonekani mazoezini. Mpiga kinanda amehamia kanisa jingine. Vijana wanaimba yale wanayoyasikia redioni na hakuna wa kuwaelekeza. Ajenda hiyo hujadiliwa kwa saa nzima, lawama zote huwekwa mabegani mwa mwalimu, na mwishowe huamuliwa kwamba aitwe, aonywe. Kisha kikao hufungwa kwa wimbo, na watu hutazamana kwa kuwa hakuna wa kuuanzisha.

Biblia inalijua tatizo hilo. Tusome Nehemia 13, kuanzia aya ya 10. Nehemia alikuwa amerudi Yerusalemu baada ya kukaa kwa mfalme, akakuta nyumba ya Mungu imeachwa. Walawi na waimbaji hawakuwapo. Kila mmoja alikuwa amekimbilia shambani kwake. Tuangalie alichofanya. Hakuwaandikia waimbaji barua ya onyo. Hakusema kwamba wito wao umepoa au kwamba wanapenda fedha. Alitafuta sababu, akagundua kuwa hawakupewa sehemu zao, na ndipo akateta na wakuu. Hasira yake ilikwenda kwa wenye funguo za ghala. Baada ya hapo aliwakusanya waimbaji, akawarudisha mahali pao. Yuda wote wakaleta zaka. Naye akaweka watunza hazina waaminifu ili mgao uwafikie ndugu zao.

Tunasema wazi: kazi ya mwalimu wa kwaya na ya mpiga kinanda ni utumishi wa Neno la Mungu. Si burudani ya kujazia nafasi kati ya somo na mahubiri. Na kama ni utumishi, inastahili mafunzo, inastahili nafasi iliyoandikwa katika utaratibu wa usharika, na inastahili ujira unaojulikana. Usharika unaomwambia mwalimu wake “Mungu atakulipa” mwaka hadi mwaka, huku fedha za mambo mengine zikipatikana, haumtukuzi Mungu kwa maneno hayo. Unalo deni, na umeliandika kwa jina la Mungu.

Jambo hili linatuhusu sisi Walutheri kwa namna ya pekee. Matengenezo ya Kanisa yaliingia nyumbani mwa watu kwa njia ya nyimbo. Mwaka 1524, miaka saba tu baada ya zile hoja 95, vitabu vya nyimbo vilikuwa vimekwisha kuchapishwa Wittenberg, na Johann Walter alikuwa amezipanga nyimbo hizo kwa sauti mbalimbali ili vijana wajifunze. Luther mwenyewe aliandika dibaji. Ni Luther huyo aliyesema kwamba mwalimu wa shule asiyejua kuimba hamhesabu kuwa mwalimu, na kwamba kijana asibarikiwe kuwa mchungaji kabla hajafanya mazoezi ya muziki shuleni. Kutokana na mawazo hayo kazi ya kantori ilipata sura mpya katika makanisa yetu: mtu mmoja aliyefundisha shule, akaongoza kwaya na kusimamia muziki wa ibada nzima. Walter aliifanya kazi hiyo katika mji wa Torgau. Hakuwa mtu wa kujitolea jioni baada ya kutoka kazini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Miaka mia mbili baadaye kazi hiyo ilishikwa na mtu ambaye jina lake linajulikana dunia nzima, Johann Sebastian Bach. Tunataka kumsimulia kwa sababu maisha yake ya kazi yanatuonyesha mambo mawili kwa pamoja: kile ambacho Kanisa hukipata likiwa na nafasi ya mwalimu wa muziki, na jinsi waajiri wanavyoweza kuidharau nafasi hiyo hata inaposhikwa na mtu aliyewazidi wote.

Bach alizaliwa Eisenach mwaka 1685. Alipofika miaka kumi alikuwa yatima wa baba na mama, akalelewa na kaka yake, mpiga kinanda wa kanisa, aliyemfundisha kazi. Akiwa na miaka 18 alikuwa tayari mpiga kinanda wa usharika wa Arnstadt. Mwaka 1705 aliomba ruhusa ya wiki nne aende Lübeck kumsikiliza mpiga kinanda mkubwa wa wakati huo, Dieterich Buxtehude. Ni safari ya kilomita zipatazo 400, na inasimuliwa kwamba alikwenda kwa miguu. Alikaa huko kwa muda unaokaribia mara nne ya ruhusa yake. Aliporudi aliitwa na wakuu wa kanisa, akahojiwa, akakaripiwa kwa kuchelewa na kwa kuwachanganya waumini kwa mapambo mapya aliyoyaongeza katika kupiga nyimbo za ibada. Kwa upande wa kanuni, wakuu walikuwa na haki: ruhusa ni ruhusa. Lakini kijana amekwenda mwendo wote huo kutafuta elimu ya kulitumikia Kanisa, na kwao jambo la kuandikwa lilikuwa siku alizopitisha. Wangapi kati ya walimu wetu wa kwaya wamewahi kuulizwa na baraza la wazee, “Umejifunza nini huko ulikokwenda?”

Mwaka 1723 Bach alikwenda Leipzig kuwa kantori wa Shule ya Mtakatifu Thomas. Baraza la mji halikumtaka yeye kwanza. Lilimtaka Telemann, ambaye alilitumia ombi hilo kujiongezea mshahara huko Hamburg alikokuwa. Likamtaka Graupner, ambaye bwana wake hakumruhusu kuondoka. Mjumbe mmoja wa baraza alitamka, na maneno yake yakabaki kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba kwa kuwa walio bora hawapatikani, basi hawana budi kuchukua wa kadiri. Huyo wa kadiri ndiye Bach.

Kazi yake ilikuwaje? Aliwafundisha muziki wavulana wa shule waliolala bwenini na kuimba katika makanisa ya mji. Kwaya zilikuwa nne, kwa makanisa manne. Katika miaka yake ya kwanza alitunga karibu kila wiki muziki mpya wa Jumapili, unaofuata Injili ya siku hiyo, akauandika, akasimamia kunakiliwa kwa kila sauti na kila ala, akafanya mazoezi na wavulana, akauongoza ibadani. Jumatatu alianza tena. Ijumaa Kuu ya mwaka 1724, kabla hajamaliza hata mwaka mmoja kazini, waumini wa kanisa la Mtakatifu Nikolai walisikia kwa mara ya kwanza muziki wake wa Mateso ya Yesu kwa Injili ya Yohana. Kutoka maisha yake yote zimebaki kantata za kanisa zinazokaribia 200.

Sasa tusikie alivyolipwa. Oktoba 1730 alimwandikia rafiki yake wa tangu ujana barua ya kulalamika. Alisema kazi yake inampa taleri zipatazo 700, lakini sehemu kubwa inatokana na ada za shughuli kama mazishi. Watu wakifa wengi kuliko kawaida, mapato hupanda. Hewa ikiwa nzuri na watu wakawa na afya, hushuka. Mwaka uliotangulia, alisema, afya njema ya mji ilimpotezea taleri zaidi ya 100. Wasomaji wetu wasiicheke Leipzig. Ni sharika ngapi kwetu ambako bahasha pekee anayoiona mwalimu wa kwaya kwa mwezi mzima ni ile ya msibani au ya harusi? Tumemweka mtumishi wa Mungu mahali ambapo mtoto wake akikosa ada ya shule, tumaini lake ni kusikia kwamba kuna msiba wa mtu mwenye uwezo.

Agosti ya mwaka huohuo Bach alikuwa ameliandikia baraza la mji waraka juu ya hali ya muziki wa kanisa. Alitaja hesabu. Kila kwaya ya muziki wa sauti nyingi inahitaji waimbaji wasiopungua 12, watatu kwa kila sauti, ili mmoja akiugua ibada isikwame. Kisha aliwahesabu wavulana aliokuwa nao: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Alieleza kwa nini imekuwa hivyo: shule imepokea watoto wengi wasio na kipawa cha muziki, na malipo madogo waliyokuwa wakipata wanafunzi wa juu waliomsaidia yamekatwa kidogo kidogo. Hakusema tuombe tu. Alisema tatizo ni la fedha na la mafunzo, akaonyesha ni wapi. Waraka huo ungeweza kusomwa katika mkutano mkuu wa usharika wowote wa kwetu mwaka huu, na wajumbe wangedhani umeandikwa na mwalimu wao.

Mwisho wa kazi yake unasikitisha zaidi. Juni 1749 Bach akiwa hai na bado kazini, ingawa afya yake ilikuwa imedhoofika, wakuu wa mji walimfanyia majaribio hadharani mtu wa kumrithi, ili awe tayari kantori atakapokufa. Alikufa Julai 28, 1750. Mjane wake, Anna Magdalena, mwanamke aliyekuwa mwimbaji mwenye sifa na aliyenakili kwa mkono wake kurasa nyingi za kazi za mumewe, alipewa malipo ya nusu mwaka, akaiacha nyumba ya kantori. Alikufa mwaka 1760 akiishi kwa misaada ya maskini. Alikuwa amezungukwa na mji uliokuwa umeimba na kusali kwa muziki wa nyumba yake kwa miaka 27.

Hapa ndipo tunapotaka wapendwa wasikilize kwa makini. Mtu anaweza kulisoma simulizi hili akafarijika: kumbe hata Bach alidharauliwa, basi walimu wetu wavumilie, thawabu iko mbinguni. Hilo ni somo la uvivu. Leipzig ile bahili, iliyomwita Bach mtu wa kadiri, ilimpa vitu vinne: nafasi iliyoandikwa, nyumba ya kuishi, shule ya watoto wa kuwafundisha, na mshahara wa kudumu, hata kama haukumtosha. Katika sharika zetu nyingi mwalimu wa kwaya hana hata kimoja kati ya hivyo vinne. Tunamwonea Bach huruma, huku mwalimu wetu akirudi nyumbani kwa miguu saa mbili usiku baada ya mazoezi kwa sababu hakuna nauli. Kama Leipzig ilistahili kulaumiwa, sisi tustahili nini?

Tena Leipzig si mji wa mbali nasi. Chama cha Misioni kilichofika Kilimanjaro mwaka 1893 kilitoka huko. Nyimbo za Kilutheri zilizokuwa zikiimbwa katika makanisa ya Bach zilifika kwetu zikiwa na maneno ya lugha zetu, na sehemu yake bado tunaifungua kila Jumapili katika Mwimbieni Bwana. Tuliupokea urithi wa nyimbo. Nafasi ya anayezifundisha hatukuipanda kwa kiasi hichohicho.

Kuna watakaosema: hayo ni mambo ya Wazungu, kwetu muziki uko katika damu, hauhitaji mwalimu wa kulipwa. Tuwajibu kwa mfano wa Afrika. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 aliwatungia wanafunzi wake wimbo wa kuomba baraka za Mungu kwa Afrika. Alikufa mwaka 1905 akiwa bado kijana. Mwaka 1912 wimbo wake uliimbwa Bloemfontein katika mkutano uliozaa chama kilichokuja kuitwa ANC. Sauti ya wimbo huo ndiyo tunayoisimamia tukiimba wimbo wetu wa taifa. Kwa miongo mingi mahali pa kaburi lake palikuwa pamesahaulika, na ni mwaka 1996 tu ndipo lilipotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa la Afrika Kusini. Kila mtoto wa shule Tanzania hushika mikono chini, akanyoosha mwili na kuimba kazi ya mwalimu wa kwaya. Hiyo ndiyo nguvu ya kazi hii, na huko ndiko kusahauliwa kwake.

Wala si kweli kwamba wazee wetu waliuachia muziki ujiendee. Kila jamii yenye ngoma ilikuwa na manju wake, na manju hakuwa mtu yeyote aliyekuwa karibu. Alifundishwa, alijaribiwa, aliheshimiwa. Howard Olson alipokuwa akifundisha Makumira, alikusanya pamoja na wanafunzi wake sauti za nyimbo za makabila yetu na kuziwekea maneno ya ibada. Matunda yake ni nyimbo za Tumshangilieni Mungu, ambazo baadhi yake sasa huimbwa na Wakristo wa nchi za mbali. Kazi ile ilihitaji watu wenye muda, wenye elimu na wenye masikio yaliyofunzwa. Kipawa kiko katika damu, ndiyo. Lakini hata mahindi yako katika mbegu, na hakuna aliyewahi kuvuna kwa kuitazama mbegu mkononi.

Pingamizi la pili linasemwa kwa sauti ya kiroho zaidi: kuimba ni sadaka, ukianza kulipa, utaleta roho ya biashara madhabahuni. Tunakubali nusu yake. Kuimba ni sadaka. Mwanakwaya anayetoka sokoni amechoka akaenda mazoezini anatoa sadaka, na Mungu anaipokea. Lakini tutofautishe anayeimba na anayefundisha. Wiki ya mwalimu iko hivi: anatafuta wimbo unaolingana na masomo ya Jumapili, anauandika kwa nota za solfa, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, Jumanne anaanza na akina mama peke yao, Alhamisi na wanaume, Jumamosi anaunganisha, katikati ya wiki kuna mazishi na anatakiwa kuwapo, Jumamosi jioni kuna harusi, Jumapili yuko kanisani tangu ibada ya kwanza hadi ya mwisho. Hiyo ni kazi. Mchungaji naye humtolea Bwana maisha yake kuwa sadaka, na bado Kanisa humlipa, wala hatujasikia mzee akisema kwamba posho ya mchungaji imeleta roho ya biashara. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 9, anakumbusha kwamba wanaohudumu hekaluni hula vya hekalu. Waimbaji walihudumu hekaluni. 1 Mambo ya Nyakati 9:33 inasema waliachiliwa kazi nyingine, kwa sababu kazi yao ilikuwa ya mchana na usiku.

Tena tupime maneno yetu kwa matendo. Fundi anayefunga vipaza sauti analipwa kabla hajashuka ngazi. Duka lililotuuzia kinanda cha umeme halikuambiwa “Mungu atakulipa”. Mpiga picha wa video ya kwaya alidai malipo ya awali, akapewa. Katika mlolongo mzima wa muziki wa usharika, mtu pekee anayeombwa kuishi kwa imani ni yule ambaye bila yeye vifaa vyote hivyo ni mbao na nyaya. Kinanda cha mamilioni kimefunikwa kitambaa cheupe pembeni mwa madhabahu, na hakuna mtoto hata mmoja wa usharika anayefundishwa kukipiga.

Pingamizi la tatu ni la fedha: hatuna. Kwa sharika nyingine, hasa za vijijini na zile zilizopatwa na ukame, hilo ni kweli, na hakuna atakayewadai wasichonacho. Lakini hata maskini huonyesha anachokithamini kwa mahali anapoanzia. Anzeni na nauli ya mazoezi, iandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, isiwe huruma ya mtu mmoja. Sharika tatu au nne za jirani ziungane kumwajiri mwalimu mmoja, kama zinavyoshirikiana mchungaji. Sikukuu ya Mavuno, pale mnadani ambako jogoo mmoja hununuliwa mara tano na kurudishwa, mnada mmoja uwe wa ada ya kijana wa kwenda kusoma muziki. Kanisa letu lina mahali pa kumpeleka: jina la Ruhija kule Kagera linajulikana kwa walimu wengi wa kwaya, na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinafundisha muziki hadi ngazi ya shahada. Anayesomeshwa na usharika arudi usharikani, na akirudi akute nafasi, si kiti cha kungojea msiba.

Kwa nini tunalisema jambo hili kwa ukali? Kwa sababu kinachopotea si ufundi tu. Mwalimu akiondoka, cha kwanza kunyamaza ni usharika, kwaya hufuata baadaye. Mwimbieni Bwana ina nyimbo nyingi, lakini usharika usio na mwalimu hubaki na zilezile chache, zinazoimbwa Majilio kama zinavyoimbwa Kwaresima. Tenzi za mateso hufa, nyimbo za ubatizo hufa, na yale mafundisho yaliyokuwa ndani yake hufa pamoja nazo. Kisha kwaya tano hupanda moja baada ya nyingine zikiwa na sare nzuri na mdundo uliotoka kwenye mashine, na watu wa Mungu huketi, hutazama, hupiga picha kwa simu. Tulifundishwa katika Kipaimara kwamba wote walioamini ni makuhani. Usharika ulioketi kutazama wengine wakimwimbia Mungu kwa niaba yake umerudi kulekule ambako Matengenezo yalitutoa. Kwaya ya kwanza ya mwalimu wa muziki ni ile iliyoketi kwenye mabenchi: bibi asiyejua kusoma, mtoto wa Shule ya Jumapili, baba anayesimama nyuma karibu na mlango. Mwalimu mwema hupimwa kwa sauti ya hao.

Na ujira una pande mbili. Usharika unaolipa una haki ya kudai, na walimu wetu wanapaswa kulisikia hili pia. Afike kwa wakati. Aijue kalenda ya Kanisa, asiimbishe wimbo wa ushindi Ijumaa Kuu. Afundishe watoto, maana asiyeacha mwanafunzi hajafundisha. Bach mwenyewe alieleza kitabu chake kidogo cha nyimbo za kinanda kuwa ni kwa heshima ya Mungu na kwa mafunzo ya jirani. Asiitumie kwaya kuuza albamu zake. Akae chini ya Neno kama sisi sote. Biblia aliyokuwa nayo Bach, yenye maelezo ya Abraham Calov, imehifadhiwa hadi leo, na pembeni mwake kuna maandishi ya mkono wake. Penye 1 Mambo ya Nyakati 25, pale Daudi anapowaweka waimbaji kwa zamu, aliandika kwamba sura hiyo ndiyo msingi wa kweli wa muziki wote wa kanisa unaompendeza Mungu. Huyo ni mwalimu wa kwaya aliyeisoma Biblia akitafuta mahali pa kazi yake, akapaona.

Sura hiyo inastahili kusomwa na wazee wa kila usharika. Inataja idadi: waimbaji 288, wote waliofundishwa. Inasema kura zilipigwa kwa wadogo na wakubwa sawasawa, mwalimu na mwanafunzi. Daudi, mwenyewe mpiga kinubi, hakuamini kwamba kipawa kinajitosha. Aliweka watu, aliweka zamu, aliweka mafunzo. Na Nehemia, miaka mingi baadaye, alipokuta utaratibu huo umevunjika, alijua aanzie wapi.

Basi mkutano mkuu wa usharika utakapokutana na taarifa ya fedha itakapogawiwa, kila mwanausharika aipitie mstari kwa mstari. Atafute palipoandikwa mwalimu wa kwaya. Akipaona, asome kiasi chake, alinganishe na kiasi kilichotumika kwa vyombo. Asipopaona, asimame aulize, kwa adabu na kwa sauti inayosikika, swali la Nehemia: mbona nyumba ya Mungu imeachwa? Aulize akiwaelekea walioketi mezani mbele. Mwalimu wa kwaya huenda asiwepo kulijibu. Huenda yuko shambani.